Ratiba ya Tumbo Tupu

Aliyeandika "meza tumbo likiwa tupu" kwenye bahasha yangu ya dawa, nina hakika hajapata kulala hata usiku mmoja Uchaggani mwezi wa Desemba. Angelala, angenipa sharti jepesi zaidi. Angeandika "meza ukiwa kileleni Kibo", nami ningeshika mkongojo nikaanza kupanda.

Kapsuli zilikuwa 56. Moja kila baada ya saa sita, siku 14, saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada yake. Nilianza tarehe 16 Desemba, siku ambayo magari kutoka Dar es Salaam yalikuwa yameshaanza kukohoa kwenye mpando wa kutoka Kiboriloni kuja kwetu Old Moshi, yamejaa wana, wakwe, wajukuu, mifuko ya mchele na maswali. Piga hesabu mwenyewe uone Krismasi inaangukia wapi. Inaangukia ndani ya dozi, kama mfupa kooni.

Ngoja niutambulishe mguu, maana ndio wenye kesi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha jiografia na Kiswahili Pangani kwa miaka 27, na mwaka 2011 nilirudi kihambani na vitu vitatu: saa ya ukutani, baiskeli, na mguu wa kulia wenye matende. Wa kushoto ni mwembamba, una mifupa ya kuchongoka kama Mawenzi. Wa kulia ni wa mviringo, umejaa, umetulia kama Kibo. Majina hayo wametoa wajukuu, si mimi, ila siwezi kuyakana. Asubuhi mawingu yakikubali, nakaa barazani naiona milima yote miwili, mmoja mita 5,895 na mwingine mita 5,149, kisha natazama chini naona picha yake ikiwa imevaa ndala.

Matende niliyapata pwani, na siwezi kusema sikuonywa. Yanaletwa na minyoo myembamba kama uzi, inayoingizwa mwilini na mbu. Mbu mmoja hatoshi, ni mbu wa miezi na miaka. Mimi nililala Pangani miaka 27, ile ya mwanzo bila chandarua, kwa kiburi cha mtu wa milimani anayeamini kwamba mbu wa pwani hawezi kumzoea Mchagga. Serikali ilianza kugawa kingatiba ya matende na mabusha mwaka 2000 kule Mafia, ikaendelea mkoa kwa mkoa, na ilipofika kwetu mimi ndiye niliyesimamia foleni. Wagawa dawa walikuja na fimbo ya kupimia urefu, kwa sababu dozi ya ivermektini hukadiriwa kwa kimo. Nilivuka alama ya juu, nikapewa vidonge vinne pamoja na kile cha albendazoli. Nikavitia mfuko wa shati. Palikuwa na minong'ono kwamba ni dawa za kuzuia uzazi, na ingawa nilisimama mbele ya umati nikatangaza kwamba huo ni uongo mtupu, moyoni nilikuwa bado namtarajia kitinda mimba.

Na kila mwaka, huyo huyo mwenye vidonge mfukoni, niliandika ubaoni: Mdharau mwiba. Darasa zima likamalizia: mguu huota tende! Mwaka mmoja kijana wa dawati la nyuma akauliza kama hizo tende zinafaa kufuturia. Nilimtoa nje. Leo ningemkaribisha kiti cha mbele, nikakunja suruali, nikamwambia achague.

Kuhusu namna mguu unavyojaa, aliyenieleza nikaelewa ni mtaalamu mmoja wa ngozi. Moshi hatuna njaa ya watu hao. Pale KCMC kuna kituo ambacho tangu miaka ya 1990 kinafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Watu wanapanda ndege kuja kusoma ngozi, mimi ninayo yangu hapa hapa, tena ya kutosha. Huyu aliniuliza kama kihambani kwetu unapita mfongo. Nikasema unapita.

"Mfongo ukiziba kwa takataka, maji yanakwenda wapi?"

"Yanalala shambani."

"Yakilala?"

"Vyura wanahamia."

"Basi, mwalimu, mwilini nako kuna mifongo ya maji yanayoitwa limfu. Ya mguu huu imeharibika. Maji yamelala. Vyura wako ni bakteria. Kazi yako ni kuwanyima mlango."

Mlango wenyewe, akanionyesha, si jeraha la kutisha. Ni ufa mdogo kati ya kidole cha nne na cha tano, pale fangasi wanapopenda kujenga. Dawa yake haina hata jina la kujivunia mbele ya watu: maji safi na sabuni kila siku, suuza, kausha kati ya kila kidole, paka dawa ya fangasi, inua mguu ukikaa. Mwezi wa kwanza nilifanya kama sala. Wa pili kama zamu ya kufagia darasa. Kufikia wa nne nilikuwa nauonyesha mguu maji kwa mbali, kama mtu anayeonyesha kitambulisho getini.

Tena kuna habari ya viatu. Mguu wa kushoto unavaa namba 42, wa kulia 46. Mwezi wa Novemba, mvua za vuli zilipoanza, nilishuka mjini hadi soko la Memorial kutafuta mabuti ya mpira ya mtumba.

"Babu, shikamoo. Namba ngapi?"

"Marahaba. Kushoto 42, kulia 46."

Kijana akanitazama usoni, akatazama chini, akatazama mzigo wake. "Babu, viatu vinakuja vikiwa ndugu. Siwezi kuvunja ndoa za watu."

Tulibishana mpaka jua likahama. Nikaondoka nimenunua jozi mbili, nikavaa moja kutoka kila nyumba. Yale yaliyobaki, la kushoto namba 46 na la kulia namba 42, yako chini ya kitanda mpaka leo, yanamsubiri mwalimu mwenzangu aliyebaki Pangani, mwenye matende ya upande wa pili.

Mabuti hayo ndiyo yaliyoniponza. Nilishinda nayo shambani kutwa, maji yakaingia kwa juu, nikarudi jioni nikayavua nikaenda kulala. Kukausha kati ya vidole? Nilikuwa nimechoka. Mwiba huo hapo, wasomaji wangu, nami nikaudharau kwa mara ya pili.

Usiku wa tarehe 14 Desemba nilitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Mama watoto akanifunika blanketi, akaongeza la pili, yalipokwisha akanitupia joho lake la kwaya. Kulipokucha ukoo wote ulikuwa umeshaamua kwamba ni malaria. Nikapelekwa duka la dawa, nikatobolewa kidole, kipimo kikasema sina. Nilijisikia kama mtu aliyenyang'anywa ugonjwa wake. Pwani mtu yeyote, hata muuza kashata, angeniuliza neno moja tu: mtoki je? Maana mtoki ulikuwepo, umesimama kwenye kinena kama korosho, unauma kila nikipumua. Huku milimani niliulizwa nilikula nini kwenye msiba wa juzi.

Tarehe 16 ndipo nilipofika kwenye kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja kwa kuwa bado nakihitaji. Daktari alikuwa kijana, mpole, amesoma.

"Shikamoo mzee. Mguu umekuwa mwekundu?"

"Marahaba. Mwanangu, mimi ni Mchagga, si nyanya."

Akacheka, akaweka mgongo wa kiganja kwenye ugoko wangu, akautoa upesi kama aliyegusa sufuria. Ngozi yetu haiandiki habari zake kwa wino mwekundu. Inang'aa, inakaza, inawaka moto, na rangi inakolea kidogo tu kama embe lililoanza kuiva. Akasema bakteria wameingia chini ya ngozi, na kwamba kwenye mguu uliolala maji moto wa namna hiyo una tabia ya kurudi.

Hilo sikuhitaji kuambiwa. Wazee wetu wanasimulia kwamba Mawenzi alikuwa haishi kumwendea Kibo kuomba moto, wake umezimika, leo umezimika tena, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi, ndiyo maana kilele chake kiko vile. Kwangu mwaka ule moto ulikuwa umeshaombwa mara mbili, na kila mara aliyetwangwa nilikuwa mimi.

Daktari akachukua maka peni ya bluu akachora mstari kuuzunguka uvimbe wenye moto, chini ya goti kidogo. "Huu ndio mpaka, mzee. Ukivukwa, njoo mbio. Usipovukwa, njoo siku ya tatu." Akanipa sindano ya kuanzia, akaandika kloksasilini, kapsuli 56.

Nilirudi nyumbani nikafanya kitu ninachokijua, nikachora ratiba. Karatasi ya manila, rula, kalamu za rangi. Kapsuli: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Vipindi vya kula: saa moja hadi saa nne asubuhi, saa saba hadi saa kumi mchana, saa moja hadi saa nne usiku. Nje ya hapo mdomo umefungwa. Nikaibandika sebuleni mahali ambapo hata mgeni kipofu angegongana nayo.

Ila mpaka wangu ulivukwa kabla ratiba haijakauka wino.

Nina mjukuu wa darasa la tatu, amekuja kutoka Dar. Aliukuta mguu wangu umepandishwa juu ya kreti la soda, akauliza, "Babu, hii ni nchi gani?" Mwalimu wa jiografia hawezi kuulizwa swali kama hilo akanyamaza, hata akiwa na homa. Nikamweleza mistari ya kontua, jinsi mlima unavyochorwa kwa duara ndani ya duara, jinsi maji ya Kilimanjaro na Meru yanavyokutana yakawa Mto Pangani na kwenda kumwagika bahari ya Hindi, mlangoni pa shule niliyofundisha. Somo lilikuwa zuri, likanilaza mwenyewe usingizi.

Siku ya tatu nilipanda bodaboda hadi kituoni. Daktari akafunua shuka, uso ukambadilika. Mstari wa bluu ulikuwa umevuka goti. Tena haukuwa mmoja, ilikuwa mitano, sita, inapanda paja kama jeshi. Akamwita muuguzi. Nikasikia "dripu". Nikasikia "alazwe". Akainama karibu kabisa na kifundo.

"Mzee, hapa pana nini?"

Nikatazama. "Nyumba ya Mungu," nikajibu.

Wakatazamana. Muuguzi akanishika kiganja taratibu, kwa upole ambao watu huwawekea wanaoaga dunia. "Babu, usiwaze huko. Utapona."

"Ni bwawa," nikasema. "Lipo njiani kwenda Pangani. Ila ameliweka kusini mno."

Walipoinama vizuri waliona kila kitu: Kibo gotini, Mawenzi kwenye kifundo, mto umeshuka hadi kisiginoni, na twiga mmoja mahali ambapo kusema kweli twiga hawafiki. Mpaka halali ulipatikana chini ya hayo yote, kwa sababu maka peni ya daktari ilikuwa nene kuliko ya mtoto, na moto ulikuwa umerudi nyuma ya mstari kwa vidole viwili. Kapsuli zinafanya kazi. Nikaambiwa niendelee, na nimnyang'anye mtoto kalamu.

Sasa tuje kwenye kuendelea.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hao hawakuwa wanameza kloksasilini. Shangazi yangu alifika saa tano asubuhi na hotipoti ya mtori, wenye moto, wenye mafuta yanayoelea juu kama dhahabu. Saa tano! Kapsuli ya saa sita ilikuwa ikinitazama kutoka kwenye bahasha. Nikamwonyesha shangazi ratiba. Hakuitazama. Uchaggani ukikataa mtori wa shangazi mbele ya watu umesema moja kati ya mawili: ama hajui kupika, ama ameweka kitu. Akafunika hotipoti yake polepole, akasema, "Haya, Meku. Siku hizi unaogopa chakula cha ndugu zako." Kesho yake ilibidi nimpelekee jani la sale, ambalo kwetu likishafika mlangoni kwa mtu hata awe amekasirika vipi ni lazima asamehe. Nadhani mimi ni mtu wa kwanza katika historia ya Old Moshi kutumia sale kwa ajili ya kapsuli.

Na shangazi alikuwa mwanzo tu. Wakwe walileta kiburu saa kumi na moja jioni. Jirani alileta paja la ndafu saa nne na nusu usiku. Utadhani kila mmoja alipita sebuleni usiku akanakili vipindi vilivyokatazwa. Nilipofika saa saba mchana, kipindi changu halali, sufuria zilikuwa zimeoshwa na kupangwa.

Wakati huo huo tumbo lilikuwa limeanzisha mgomo wake. Daktari alinieleza kwamba dawa hizi hazichagui: zinapowafukuza bakteria wabaya mguuni, zinapita pia tumboni na kuwatimua wale wema wanaotusaidia kusaga chakula. Kuanzia siku ya nne nikawa mtu wa chooni. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa kwa mguu wa matende ni ufundi usiofundishwa chuo chochote. Wa kulia haukunjiki, kwa hiyo unaunyoosha mbele kama mzinga wa ngome, unashika ukuta kwa mkono mmoja na heshima yako kwa mwingine. Siku ya tano nilikwenda mara saba. Binti wa duka la dawa akanishauri nitulize tumbo kwa flajili. Nikamkatalia. Flajili na pombe havikai chungu kimoja, na mimi, pamoja na maradhi yangu yote, nilikuwa bado nina matumaini na mbege ya mwaka mpya. Daktari naye akasema hakuna haja: nikoroge zile pakiti za maji ya chumvichumvi, ninywe mtindi kwenye vipindi vya chakula, nisiache dozi, na nikiona damu nirudi siku hiyo hiyo.

Siku ya sita mdomo ukaungana na tumbo. Nilitoa ulimi mbele ya kioo, nikakuta umevaa utando mweupe kama kilele cha Kibo. Mwaka 1928 Alexander Fleming aliuona ukungu ukiua bakteria kwenye kisahani chake kule London, dunia ikapata penisilini, na kloksasilini yangu ni mjukuu wa ukungu huo. Namshukuru kwa dhati. Bila ukoo ule wa dawa mngekuwa mnasoma tanzia. Lakini oneni mzunguko wenyewe: nilianza na fangasi kwenye vidole, nikameza mjukuu wa ukungu, nikaishia na fangasi kinywani. Nikaongezewa dawa ya kusukutua. Chakula chote kikawa na ladha ya sarafu, na mtori ambao hatimaye niliupata kwa wakati halali ulikuwa kama nimelamba kufuli.

Krismasi yenyewe nilikwenda ibadani, mkongojo mkononi, mabuti yangu ya nyumba mbili miguuni. Niliketi katikati ya benchi. Hilo lilikuwa kosa. Ibada ikaisha, tukaingia kwenye mnada wa sadaka za mazao, mzee wa kanisa akamnyanyua jogoo mwekundu mwenye hasira, na hapo hapo kapsuli ya alfajiri ikaamka. Nikainua mkono kuwaomba walioketi kando wanipishe.

"Elfu ishirini kwa Mwalimu!"

Nikainua mkongojo kukanusha.

"Elfu thelathini! Mwalimu amepandisha mwenyewe! Makofi!"

Watu wakapiga makofi, kwaya ikaingiza pambio, nami nikapita juu ya magoti ya washarika kwa mwendo ambao mguu wangu haujautumia tangu mwaka 1998. Niliporudi nikiwa mwepesi nikakuta jogoo amefungwa kwenye mkono wa benchi langu. Aliliwa kesho yake, saa tano asubuhi. Ratiba mnaijua.

Halafu akaja mtani. Jirani yangu wa upande wa chini ni Mpare, na jino lilikuwa limemvimbisha shavu.

"Mwalimu, nasikia una dawa ya uvimbe. Nipe tatu tu."

"Hapa zimebaki 12, na zote zina saa zake."

"Tatu tu. Wewe mguu mzima, mimi jino moja."

Nikamweleza habari za vyura. Chura ukimpiga nusu hafi, anajifunza rungu lako, na akizaa anawafundisha watoto. Nikikupa tatu, jino lako litatulia siku mbili kisha litarudi na elimu. Na mimi nikikatisha dozi, moto wangu utarudi na elimu hiyo hiyo, na siku moja tutaenda wote wawili dukani tukakuta hakuna dawa inayotutambua. Nenda kwa daktari wa meno. Mtani akasikiliza mpaka mwisho, shavu lake limemjaa kama limefichwa andazi, akasema atanifungulia kesi. Nikamwambia namwamini, maana Mpare huuza ng'ombe ili akadai kuku mahakamani. Akacheka, akashika shavu, akalia, akaenda. Jino lilishang'olewa. Kesi bado inaandaliwa.

Tarehe 30 Desemba, saa kumi na mbili asubuhi, nilimeza ya 56. Hakuna aliyepiga makofi. Wenye makofi walikuwa wamelala, wameshiba. Mguu ulikuwa umepoa. Haukuwa umepungua kuwa kama mwenzake, hilo halipo kwenye mkataba. Matende ni mkazi wangu wa kudumu, huyu mwenye moto ndiye mpangaji aliyekorofisha akafukuzwa. Mtoki umelala. Ulimi umerudi rangi yake. Saa nne na nusu, kipindi cha mdomo kufungwa, nilikula sahani mbili za mtori uliopashwa moto, kwa makusudi, nikiitazama ratiba machoni.

Jioni nikamwita mjukuu. Adhabu yake kwa kuchora mipaka ya nchi bila idhini ilikuwa kuniosha mguu mpaka siku ya kuondoka, na alikuwa ameshaizoea mpaka anadai malipo, shilingi 200 kwa kila osho. Alileta beseni, kipande cha sabuni na vipande vinne vya kanga kuukuu alivyovichana mwenyewe, kila nafasi ya kidole na kipande chake. Anaosha kama anayeosha kikombe cha thamani. Akifika kati ya kidole cha nne na cha tano, mahali ambapo mimi mwenye mguu nilipita miezi kadhaa bila kubisha hodi, anasimama, anapulizia kwa mdomo, anatazama tena.

"Babu, hapa bado pana unyevu."

"Kausha."

"Nyumba ya Mungu imeshafutika. Kibo pia. Imebaki Mawenzi tu."

"Isugue nayo. Isije ikaenda kuomba moto."

Akasugua. Kisha akauliza swali ambalo ndugu wote waliopanda kutoka Dar na ushauri wao, wa mwarobaini, wa kuchanjwa chale, wa mafuta ya kondoo, hakuna aliyeliuliza: "Babu, tarehe mbili mimi naondoka. Nani atakukausha?"

Sikujibu. Nilinyanyuka nikang'oa karatasi ya manila ukutani, nikaigeuza, nikaomba kalamu yake ile ya bluu. Nyuma nimechora ratiba mpya yenye kipindi kimoja tu. Vidole: vitano. Nafasi za kukausha: nne. Mara moja kwa siku, tumbo likiwa vyovyote litakavyokuwa.